Wimbo wa Ng'ambo ya Uzio

Severina hakuweza kuandika pakiwa kimya. Wengine wakitaka kuandika hufukuza watoto nje na kufunga mlango. Yeye ukimwekea kimya mbele yake, aliishia kutafuna kalamu na kukumbuka kwamba kuku hawajapewa maji. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la kisomo. Mwaka 1975 darasa la watu wazima la Gendabi halikuwa na jengo, likapewa pembe moja ya duka la kijiji, na duka hilo ndilo lililokuwa na redio. Muuza duka, mzee Hhando, alikuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa hilo. Hakuizima kwa ajili ya mtu yeyote, awe mwalimu, awe katibu. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati kama mtu anayeanika mtama, halafu akazirudisha na nyimbo zikaendelea.

Kwa hiyo a, e, i, o, u za Severina ziliingia kichwani pamoja na magitaa na tarumbeta, na mkono wake ukazoea hivyo. Alipojaribu nyumbani kuandika jina lake bila muziki, herufi zilisimama mojamoja, kama watu waliogombana.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwao ni Nambis, huko juu Mbulu, ambako alisoma kwa masista darasa la kwanza na kipande cha la pili, kisha akatolewa shule kulea wadogo zake. Aliolewa na Hermani, mtu wa Hirbadaw aliyekuja kulima mahindi na maharage kwenye mteremko wa Gendabi. Mbele ya katibu wa kijiji Severina alisema anataka kujua kusoma ili afuate kilimo cha kisasa. Katibu alifurahi, akaandika. Haikuwa kweli. Alikwenda kisomo kwa ajili ya jina moja tu, na jina hilo ni Letisia.

Letisia alikuwa mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka sita Severina aliitwa Mama Letisia na kila aliyemfahamu. Mwishoni mwa mwaka 1974 amri ikaja watu washuke kutoka miteremkoni, wakae katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Hermani aliezua nyumba ya zamani ili nguzo zake zijenge mpya. Kabla hajaezeka, mvua ikawahi. Walilala siku tisa chini ya turubai, na Letisia akashikwa na homa ya kifua. Siku ya kumi asubuhi Hermani alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Severina alibaki na Patriki, aliyekuwa bado ananyonya. Jioni ile ile Hermani alirudi na mtoto amefungwa ndani ya blanketi, akamlaza chini na kusema, "Tulifika mtoni tu." Hakuongeza neno, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Baada ya mazishi watu wakaanza kumwita Mama Patriki. Walifanya kwa huruma. Nani angependa kumgusa mama kidonda kila anapomsalimu? Lakini siku moja, akiwa kwenye foleni ya maji, Severina aliona kwamba imepita miezi hajalisikia jina la Letisia katika kinywa cha mtu yeyote. Mume wake ndiye aliyelikwepa kuliko wote. Akizungumzia miaka ya nyuma alisema "kipindi kile", na kila mtu akaelewa. Kijiji kizima kilikuwa kimehamishwa kwa amri, lakini jina la mtoto wake lilihama lenyewe, na hakuna aliyejua limekwenda wapi. Severina aliumia kuliko siku ya kaburi. Ndipo akajiandikisha kisomo.

Mwalimu wao alikuwa Felician, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeletwa na serikali kutoka Songea, mpole, mwenye mwandiko wa kunyooka. Kazi yake kubwa kwa watu wa huku ilikuwa kupambana na masikio yao. Lugha yao ya Kiiraqw haina v wala z, kwa hiyo walivyosikia ndivyo walivyoandika, na mvua ikawa mfua, na zizi likawa sisi. Wengine, kwa kuogopa kosa hilo, walitia v hata pasipotakiwa. Severina aliwahi kuandika ubaoni, mbele ya darasa lenye wazee sita wa kanisa, kwamba kila Jumamosi yeye na Letisia walikwenda mtoni kuvua nguo. Felician alifuta ile v na kuweka f bila kusema kitu, na wazee wakapata la kukohoa.

Mwaka uliofuata Felician alileta habari. Wilayani walitaka kutengeneza kijitabu cha kusoma kwa watu wa visomo, na safari hii hadithi ziandikwe na wanakisomo wenyewe. Yeye angezipeleka mwisho wa Septemba. Wengi waliandika juu ya choo bora. Severina alinunua daftari na kuandika juu ya jalada: *Letisia*. Jina likiingia kitabuni, watu wa Gendabi na Hirbadaw, na mpaka Nambis kwa mama yake, wangelazimika kulitamka, tena kwa sauti, maana mtu wa kisomo hajui kusoma kimoyomoyo.

Akaandika dukani, baada ya darasa, redio ikiimba juu ya magunia ya chumvi. Kalamu ilikimbia mpaka akajishangaa. Kwa wiki mbili alijaza kurasa tisa, akampa Felician.

Felician alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Mama Patriki," alisema, "naomba nikuulize. Hii stesheni iko wapi?"

"Stesheni gani, mwalimu?"

"Hapa. Mama anampa mtoto uji, halafu anamwambia, *nitakungoja stesheni mpaka taa zizimwe*. Na huku mtoto anachunga mbuzi, analia kwamba *barua zako zote nimezichana*. Letisia alikuwa na barua?"

Severina alichukua daftari na kusoma kwa kidole. Ilikuwa kweli. Stesheni ilikuwapo, taa zilikuwapo, na ukurasa wa saba kulikuwa na mwanamume aliyekuwa anaaga kwenda Tanga. Hakukumbuka kuandika hata neno moja la hayo. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuazima, nusu cha mwalimu na nusu cha redio, na redio ilipoimba maneno yake yalipita sikioni yakashuka mkononi bila kubisha hodi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Mtoto wake alikuwa amejaa maneno ya wapenzi wa mjini.

"Jaribu nyumbani," Felician alimwambia kwa upole. "Penye utulivu."

Huyu naye hakujua anachokisema. Nyumbani Severina alikaa na utulivu wake siku nne na hakuandika hata mstari.

Siku ya tano alichoka na kiti, akatoka na kigoda na daftari, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na uzio wa miiba. Ng'ambo ya uzio walipewa kiwanja watu wa Kidatoga, na mama wa boma lile, Udahoda, alikuwa amekaa kivulini analainisha ngozi kwa siagi ili aishone sketi. Alikuwa mtu mzima kuliko Severina. Kila asubuhi Severina alimwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba, na kwa Kiswahili hapo ndipo walipoishia. Udahoda alikuwa na neno jingine moja, bado, alilolitumia kwa katibu kila alipoulizwa kama amechimba choo.

Udahoda alikuwa anaimba. Hakuimba kwa ajili ya mtu. Alisugua ngozi, akaimba kipande, akanyamaza kana kwamba anakionja, akakirudia na kukibadilisha kidogo mwishoni. Wimbo wenyewe ulipanda mahali fulani, ukakaa huko juu, kisha ukashuka bila haraka. Severina hakuelewa hata neno moja. Na kwa kuwa hakuelewa, hakuna neno lililomwingilia. Masikio yalipata kazi yao na mkono ukapata nafasi. Aliandika: *Letisia alikuwa na pengo mbele, meno mawili ya juu. Akitaja jina lake upepo ulitoka.* Akatazama alichoandika. Hapakuwa na stesheni.

Tangu siku ile, kila alasiri baada ya shamba, alikaa pale. Aprili ikapita, Mei ikapita. Aliandika jinsi mtoto alivyopenda kutembea nyuma yake akikanyaga palepale alipokanyaga mama, na alivyomwogopa jogoo mmoja mpaka akamwachia njia, yeye akajitafutia nyingine. Aliandika na kujisomea kwa sauti, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa, na kila alipofika kwenye jina alilisoma polepole zaidi, *Le-ti-si-a*, maana utamu wa kazi yote ulikuwa hapo. Ng'ambo kule Udahoda aliendelea na ngozi yake. Wakati mwingine mmoja alinyamaza na mwingine akanyamaza, wakachungulia kwenye miiba, wakatabasamu, kila mmoja akarudi kwenye lake.

Hermani naye, miezi ile, alipata ugonjwa wa kutengeneza uzio. Kila alasiri alikuwa upande ule na panga na matawi ya miiba. Uzio ukanenepa mpaka ukatosha kuzuia simba, na Gendabi hapajaonekana simba tangu enzi za babu zao. Severina alimtania kwamba kama anawaogopa majirani aseme. Hermani aliguna, akaenda kukata miiba mingine.

Hadithi ilifika siku ya turubai, ikafika homa, ikafika asubuhi ya siku ya kumi. Hapo ikasimama. Severina aliandika kwamba baba alimbeba mtoto mgongoni wakaondoka, na baada ya hapo hakuwa na la kuandika kwa sababu hakulijua. Hakuwapo. Katika dunia nzima aliyejua ni mtu mmoja, naye alikuwa anajenga uzio.

Agosti majani yakaisha, na watu wa boma la ng'ambo ya uzio wakaondoka na ng'ombe wao kwenda mbugani. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeamuru kila mtu atulie mahali pake, lakini ng'ombe hawakuhudhuria mkutano ule. Severina aliamka akakuta boma tupu. Alikaa na daftari lake kwenye kigoda, akasikia nzi. Alijaribu kuuimba mwenyewe ule wimbo, akaushika mwanzo na kuupoteza pale unapopanda. Alirudi dukani kwa mzee Hhando, na ndani ya nusu saa akamkuta mtu wa Tanga tena kwenye ukurasa. Akachana ukurasa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Felician aondoke, na hadithi ya Letisia ilikuwa imesimama njiani na mtoto mgongoni mwa baba yake.

Alasiri moja yeye na Hermani walikuwa wamekaa uani wanapukuchua mahindi. Waliongea Kiiraqw, lugha yao.

"Baba Patriki," alisema, "ule wimbo wa mama jirani, uliwahi kuusikia?"

"Niliusikia."

"Unaujua?"

Hermani alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akachukua jingine. Kwao Hirbadaw alikuwa amechunga na watoto wa Kidatoga mpaka akaota ndevu, na lugha yao aliijua kama yake, ila Severina hakuwahi kufikiri kumuuliza juu ya nyimbo. Hermani hakuwa mtu wa nyimbo. Hata kanisani alifungua mdomo kwa heshima tu.

Akauimba. Aliuimba vibaya, kwa sauti ya mtu anayesukuma mkokoteni, lakini uliposhika njia ya kupanda alipanda nao, akakaa juu, akashuka. Severina aliacha mahindi.

"Anasema nini?"

"Ni wimbo wa mtamba. Anasema, jirani yangu ana mtamba wake aliyepotea. Kila siku anakaa kwenye uzio na kumwita polepole, kama mtu anayeita ng'ombe aliye mbali. Anamwita kwa jina, Ledisyeda." Hermani alitazama mikono yake. "Anasema, lazima alikuwa mtamba mzuri, mwenye baka jeupe usoni, kwa maana ng'ombe wa hivi hivi hakuna anayemwita namna hiyo. Anasema, ninyi mlioko njiani mkimwona, mrudisheni."

Neno lile Severina alikuwa amelisikia mara mia. Alidhani ni lao.

"Ledisyeda," alisema.

"Ndivyo ulimi wao unavyolitamka," Hermani alisema. "Ni Letisia."

Baada ya karibu miaka miwili, jina lilikuwa limetoka kinywani mwake. Kuku alikuja akala mahindi ya kwenye ungo na hakuna aliyemfukuza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungemwendea kumweleza kwamba si ng'ombe. Angeona haya, angeacha kuimba." Alipukuchua punje mbili tatu. "Sikutaka aache."

Severina akaukumbuka uzio, akaona kila tawi la miiba lilivyokuwa limewekwa na kwa nini. Alitaka kukasirika na hakuweza. Mtu huyu alikuwa amesimama miezi minne na panga mkononi ili asikie jina ambalo mwenyewe alishindwa kulisema.

"Mlipofika mtoni," alimwambia, "ilikuwaje?"

Hermani alimwambia. Hakuacha kupukuchua wakati anasema, na hakumtazama. Mtoto alikuwa kimya njia nzima, joto lake likipita kwenye shati. Walipokaribia mto aliuliza, "Baba, umechoka?" Akamjibu, "Sijachoka." Walitembea kidogo, akauliza tena. Akamjibu vilevile. "Na nilikuwa nimechoka, Mama Letisia. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nikaona nikae kidogo kwenye jiwe, nipumzike kabla ya kuvuka. Nikakaa naye mapajani. Nilipotaka kusimama alikuwa ameshaondoka. Kila siku najiuliza, nisingekaa je?"

Severina alimwondolea gunzi mkononi kwa sababu lilikuwa limekwisha na alikuwa bado analipukuchua.

"Niandike?" aliuliza baadaye.

"Hata la kukaa?"

"Hata hilo."

Alifikiri. "Andika," alisema.

Severina alileta daftari na kigoda, akakaa palepale uani. Akamwomba aimbe tena, naye Hermani, mtu asiye wa nyimbo, aliimba wimbo wa mtamba mpaka sauti ikakauka, wakati mke wake anaandika mto, jiwe, na yale maswali mawili ya mtoto na majibu yake. Kurasa zilikuwa mbili tu. Mvua iliandikwa kwa v.

Felician alipokuja kuchukua hadithi aliisoma amesimama, kisha akatafuta pa kukaa. Alipomaliza alichukua kalamu aandike jina la mwandishi juu ya jalada. "Severina Hermani?" aliuliza.

"Mama Letisia," alisema Severina, na mwalimu akaandika hivyo. Mwisho wa Oktoba alirudi na habari kwamba imekubaliwa, kitabu kitapigwa chapa mwaka ujao. Daftari akamrudishia.

Desemba mvua ikashuka, na majirani wakarudi na ng'ombe wamekonda. Asubuhi ya pili Udahoda alikuja kwenye uzio. Severina alimwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba, lakini safari hii hakuishia hapo. Alimwita Hermani, akamwambia maneno marefu akimwonyesha Severina kwa kidevu.

"Anauliza kama yule mtamba alipatikana," Hermani alisema. Hakujua aweke wapi mikono yake. "Nimjibu nini?"

Severina alimtazama mama yule, aliyekuwa anangoja kwa uso wa mtu anayeuliza habari za nyumbani.

"Mwambie amepatikana. Halafu mwambie hakuwa na baka usoni. Alikuwa na pengo mbele, meno mawili ya juu."

Hermani alitafsiri. Udahoda akacheka, akajibu kwa haraka.

"Anasema ng'ombe wote hawana meno ya juu mbele."

"Najua," alisema Severina.

Udahoda aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikapungua, kikaisha. Alimtazama Severina, akamtazama Hermani aliyekuwa ameinamisha kichwa, akaangalia nyuma ya nyumba pale kwenye kigoda. Hakuuliza tena habari za ng'ombe. Alirudi kivulini kwake, akakaa, akavuta ngozi mapajani. Baada ya muda alianza ule wimbo, akaukatisha. Akaanza tena, akaukatisha mahali palepale.

"Anasema nini?" Severina alinong'ona.

"Bado. Anatafuta maneno."

Hali hiyo Severina aliijua vizuri. Akaingia ndani akachukua daftari, akarudi kukaa kwenye kigoda chake kando ya miiba, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, ili mwenzake apate kufanya kazi.